Mbavu zimevunjika: ni kipigo au ni CPR?

Ndugu wakisikia "mbavu sita zimevunjika na ini limechanika", jambo la kwanza kuwajia ni kwamba mtu wao kapigwa. Kama alifanyiwa CPR, yaani kukandamizwa kifua ili kumfufua moyo uliposimama, mara nyingi hakupigwa. Mtu mzima anayefufuliwa hukandamizwa kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hapo mbavu hulia.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kushika kisu cha kupasulia maiti. Mpigie muuguzi aliyekuwa zamu: "Sista, mlikandamiza muda gani? Moyo uliwahi kurudi?" Swali hilo la pili ndilo litakalokuokoa mbele. Omba pia mwili uje na mirija aliyowekewa wakati wa kumfufua. Wanaoichomoa ili kumsitiri marehemu wana nia njema, ila ushahidi unapotea.

Hatua ya 2: Pitia mbavu. Za CPR huvunjika kwa mbele, mara nyingi pande zote mbili, na mfupa wa kidari hukatika kwa mapana. Bandua utando wa ndani ya kifua, kisha pitisha kidole ubavu mmoja mmoja. Nyufa nyingine ziko upande wa ndani tu na eksirei huzikosa. Kwa mtoto mchanga, mbavu zilizovunjika nyuma, karibu na uti wa mgongo, zikufanye ufikirie kwanza mikono iliyombana.

Hatua ya 3: Tumbo. Hapa usikimbie. Upande wa kushoto wa ini umelala karibu na ncha ya kidari, na mpasuko wa CPR hupatikana sana hapo. Damu usiifute: ichote, uipime. Moyo ukiwa umeshasimama, damu huwa haba. Nikikuta lita nzima, na mabonge yameshikamana na mpasuko, najiuliza kama alijeruhiwa akiwa hai. Lakini moyo ukirudi hata kwa muda mfupi, au mgonjwa akiwa alipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, jeraha la ufufuaji nalo huvuja sana. Ndiyo maana nilimpigia sista.

Hatua ya 4: Mgongo na mikono. Geuza mwili. Kwa kawaida kukandamiza kifua hakuelezi michubuko ya mgongoni, wala ya kujikinga kwenye mikono.

Hatua ya 5: Andika. "Mbavu ya 3 hadi ya 6, mbele, pande zote mbili, damu haba: inalingana na kukandamizwa kifua." Nasema "inalingana", na chini yake naandika dakika alizonitajia sista.