Laptopu imejaa na video ya familia haijaisha: tulivyopata GB 138 kwa Mwalimu

Jirani yangu hapa Mamboleo, Kisumu, ni mwalimu mstaafu. Wazazi wake walipotimiza miaka 50 ya ndoa, familia ilikutana Siaya, wakarekodi kwa simu mbili na kamera ya Canon ya kukodi. Akaamua kuhariri mwenyewe kwa DaVinci Resolve. Wiki ya tatu akanipigia: "Kijana wangu, mashine inasema imeshiba."

Nilikuta laptopu ya GB 256, ambayo Windows huihesabu kama 238, na nafasi iliyobaki ni GB 1.9. Hivi ndivyo tulivyofanya, kwa mpangilio ambao ningeufuata tena.

1. Jua kinachokula nafasi kabla hujafuta chochote

Weka WizTree, ichague diski C, subiri kidogo. Inakupangia folda kuanzia kubwa hadi ndogo. Usikubali zile programu za "kusafisha kompyuta" zinazokuahidi kila kitu kwa kubofya mara moja. Hazijui video gani ni ya mama yako.

Kwa Mwalimu: video asilia GB 58, na folda moja inayoitwa CacheClip GB 71. Hakuwahi kuisikia.

2. Futa faili za muda za programu ya kuhariri

Resolve ikishindwa kuchezesha kipande vizuri, hukitengenezea nakala nyepesi kuchezesha lakini nzito kuhifadhi, na kuiweka kwenye hiyo CacheClip. Dakika moja ya 1080p kwa DNxHR HQ, mojawapo ya miundo ya nakala hizo, inapita GB 1. Ukibadilisha rangi, inatengeneza nyingine. Ndani ya programu nenda Playback, halafu Delete Render Cache, chagua All. Kazi yako haiguswi. Zikihitajika zitatengenezwa upya.

Fanyia hapo hapo ndani ya programu, usiende kufuta kwa mkono ndani ya folda. Wanaotumia Kdenlive au Premiere wana kitufe kama hicho kwenye mipangilio.

GB 71 zilirudi. Mwalimu alitaka tuishie hapo tunywe chai. Ningemwachia, angenipigia tena baada ya wiki mbili.

3. Downloads na pipa la taka

Unajua la kufanya. Ila kumbuka kumwaga pipa, maana kabla hujalimwaga hujapata kitu. GB 9.

4. Hamisha video asilia kwenye diski ya nje (hapa ndipo nilipoteza Jumamosi nzima)

Ukiwa na haraka soma hatua hii peke yake.

Kwanza, diski yenyewe. Ikiwa imefomatiwa FAT32 (mfumo mmojawapo wa kupanga faili kwenye diski, kama NTFS na exFAT), faili inayozidi GB 4 haitaingia, hata diski iwe tupu kabisa. Kama unatumia Windows tu, fomati NTFS. Watu wengi watakuambia exFAT kwa sababu inasomeka pia kwenye Mac, lakini NTFS huvumilia zaidi umeme ukikatika katikati ya kuandika, na huku kwetu stima haiagi. Kufomati kunafuta kila kitu kilichomo, kwa hivyo kagua mara mbili kwamba umechagua diski sahihi.

Pili, herufi ya diski. Leo Windows inaiita E, kesho ukitangulia kuchomeka flashi inaitwa F, na programu inakuonyesha skrini nyekundu kila mahali kwa sababu bado inatafuta E. Fungua Disk Management, bofya kulia kwenye diski, uipe herufi ya mbali kama V. Kompyuta hiyo itaikumbuka.

Tatu, usipange upya folda. Mimi na Mwalimu tuliangukia hapa. Kabla sijafika alikuwa amejaribu mwenyewe: akachukua klipu zote kutoka folda za kadi ya kwanza na ya pili, akazimwaga kwenye folda moja "ili iwe nadhifu". Kamera za Canon huzipa video majina kama MVI_0012, na kamera hiyo ilianza kuhesabu upya ilipowekewa kadi mpya. Kwa hivyo kulikuwa na MVI_0012 mbili. Windows ikauliza kama abadilishe iliyopo. "Nikasema ndiyo," akaniambia, "si kompyuta ndiyo iliyouliza?"

Tulipoielekeza Resolve kwenye folda hiyo, haikulalamika hata kidogo. Ilipata jina, ikaridhika. Ila pale mama yake alipotakiwa kuonekana akikata keki, wakaonekana vijana watatu wakisimamisha hema, na sauti ya vigingi vikigongwa. Nilikagua klipu moja moja hadi jioni nikidhani programu imeharibika, kumbe inatii.

Kilichotuokoa ni kwamba alikopi, hakuhamisha. Folda za kadi ya kwanza na ya pili zilikuwa bado salama kwenye C. Video asilia usizifanyie Ctrl+X (kukata ili kuhamisha) hata siku moja.

Tukaanza upya. Mimi situmii kuburuta kwa kipanya kwa kazi kubwa. Nafungua Command Prompt na kuandika:

robocopy C:\Video V:\Video /E /Z

Folda zinabaki kama zilivyo, na kazi ikikatizwa unaandika mstari uleule tena. Inaruka faili zilizokwisha kuingia. Sisi tulikatizwa kama dakika 20 baada ya kuanza: laptopu ilikuwa na betri, lakini diski ya Mwalimu ni ile kubwa inayohitaji umeme wake, ikazima papo hapo.

Ikimaliza, bofya kulia folda zote mbili, fungua Properties, linganisha idadi ya faili na Size kwa baiti. Ile Size on disk iache, inaweza kutofautiana bila kuwa na kasoro.

Sasa ndani ya Resolve teua klipu zote, bofya kulia, chagua Change Source Folder, uielekeze kutoka C:\Video kwenda V:\Video. Kwa kuwa mpangilio wa folda ni uleule, kila klipu inapata ya kwake.

Usifute bado! Ibadilishe jina folda ya zamani iwe Video_ngoja. Hivyo programu haiwezi kuchungulia kule kwa siri. Fungua mradi, utazame mwanzo hadi mwisho kwa macho yako, si kuangalia tu kama kuna wekundu. Mama akikata keki, endelea.

Jambo jingine: ukifuta kwenye C, diski hiyo ya nje inakuwa nakala pekee, na diski inaanguka mezani kama kikombe. Tulisubiri mpaka Mwalimu akanunua ya pili. Na zile video zilizotumwa kwenye kundi la familia la WhatsApp hazihesabiki, zimebanwa.

5. Wakati ujao

iPhone kwa 4K ya fremu 30 hula takriban MB 170 kwa dakika; kwa 1080p ni MB 60. Saa nzima ya hotuba za wazee chini ya hema haihitaji 4K. Keki na ngoma, sawa.

Rekodi ndefu ikate kwa LosslessCut kabla hujaanza kuhariri, si baada. Haibani upya picha, inakata tu, na kwa sababu haikati hasa pale unapobofya, acha sekunde chache kila upande. Kubana video asilia kwa HandBrake ili upate nafasi, mimi sikubali.

Mwalimu aliiacha Video_ngoja siku tisa. Alipoifuta tuliongeza GB 58 kwenye hesabu, na akaniuliza kama sasa anaweza kuongeza klipu ya wale vijana wa hema, maana imemchekesha.