Kuunganisha Firefox na I2P mpaka saiti za .i2p zifunguke

Nimetoka kumsaidia jamaa kuweka I2P (programu ya mtandao wa siri wa kuperuzi bila kujulikana) kwenye laptop yake, nikaona bora niandike maana hili swali linajirudia: mbona nimeweka kila kitu na bado hazifunguki?

Kwanza, kama unataka kuperuzi saiti za kawaida bila kujulikana, chukua Tor Browser, yenyewe inakuja imeshasetiwa. I2P ni kwa zile saiti za humo humo ndani zinazoishia na .i2p.

1. Pakua kutoka geti2p.net, install, washa. Dashibodi iko 127.0.0.1:7657. Kama unatumia bando ingia setingi za bandwidth ushushe kiwango mapema, kompyuta yako inapitisha na data za wenzako kwa hiyo bando linaliwa hata ukiwa umelala.

2. Andika about:profiles kwenye Firefox, tengeneza profaili mpya ya I2P tu. Usichanganye na ile ya benki na Facebook, hapa sibembelezi mtu. Chrome nayo iache, kwenye Windows inafuata proksi ya mashine nzima (proksi ni mlango wa kati unaopitishia data za brauza, hapa mlango huo ni I2P), na sisi tunataka iguse profaili hii tu.

3. Kwenye profaili hiyo fungua Settings za Firefox, shuka mpaka Network Settings, chagua Manual proxy configuration, HTTP Proxy 127.0.0.1, port 4444, tiki na ya HTTPS.

4. Hapa ndo watu wanapoteza masaa. Firefox haiijui .i2p, ukiandika anwani inadhani unatafuta neno tu, inajaribu kulipeleka kwenye injini ya kutafutia, yaani jina la saiti uliyotaka iwe siri ndo linatoka hivyo. Fungua about:config, keyword.enabled iwe false. Halafu ongeza browser.fixup.domainsuffixwhitelist.i2p, chagua boolean, iwe true, na tafadhali kopi usiandike kwa mkono, herufi moja ikikosekana haifanyi kazi na haikwambii. Na media.peerconnection.ice.proxy_only iwe true, bila hiyo mambo ya kupiga video ndani ya brauza yanaweza kuikwepa proksi na IP yako (namba inayotambulisha mtandao wako) ikaonekana. Anwani anza na http://, saiti nyingi za humu hazina https, usiogope, I2P yenyewe inasimba data njiani, ila kama umewasha HTTPS-Only (setingi ya Firefox inayokataa saiti zisizo na https) izime kwenye profaili hii.

Sasa hata ukiweka vyote hivyo dakika za mwanzo haifungui kitu, I2P inakuwa bado inajenga njia zake, subiri mpaka uone nyota ya kijani kwenye Shared Clients pale dashibodi. Haiji kabisa? Angalia saa ya kompyuta, ikipishana na saa ya kweli wenzako kwenye mtandao wanakukataa.

5. Jaribu http://i2p-projekt.i2p. Ukiletewa ukurasa wa I2P unaosema saiti haipatikani, brauza yako iko sawa, subiri kidogo urudie. Ila ikiwa ni Firefox inayolalamika kwamba proksi imekataa, basi I2P haijawaka au port umekosea.