Kufundisha wanafunzi kuchambua maneno ya ushawishi
Walimu wenzangu msianze na ubao, anzeni na muuza mitishamba mwenye spika pale stendi ya Moshi. Wanafunzi waandike anachosema neno kwa neno, darasani ndo mnachambua: "dawa hii kanifundisha babu", hapo anatafuta kuaminika, "mama yako anaumwa magoti we unaangalia tu", hapo anagusa moyo, na "chupa moja elfu tano, hospitali laki" ni hoja ya hesabu. Njia hizi tatu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliziita ethosi, pathosi na logosi ila majina yaje mwisho. Kila dai waulize, ushahidi uko wapi? Binti mmoja wa fomu two aliniuliza, kwani huyo babu aliipima wapi? Wakabishana kipindi kizima, nami sikuwakatiza, na wewe usiwakatize.