Kupima metali nzito katika tope la Mto Lubumbashi, Katanga (Kongo), na kukokotoa hatari yake

Shuka mtoni Agosti au Septemba, maji yakiwa yamepungua. Mvua zikianza, tope laini huzolewa. Weka vituo visivyopungua vinne: kabla mto haujafikia kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba, mara baada yake, na viwili zaidi kuelekea Mto Kafubu, unakomwagia maji yake. Chota pale maji yanapotulia, sentimita 5 za juu, mara tano ndani ya mita 10, uchanganye upate nusu kilo. Mchanga wa katikati ya mto uache, haushiki metali nyingi.

Kijiko na mifuko viwe vya plastiki. Kausha kwa joto lisilozidi 40°C, kwani likizidi hapo zebaki huanza kupotea. Ponda, kisha pitisha kwenye chekeche ya nailoni ya mikromita 63. Chekeche ya shaba ya njano usiiguse kabisa: ni shaba na zinki, nayo huacha chembe zake ndani ya sampuli. Maabara iyeyushe kwa asidi hidrokloriki sehemu 3 na asidi nitriki 1, pamoja na sampuli tupu (asidi bila tope) na sampuli ya rejea (tope ambalo viwango vyake vinajulikana).

Sasa hesabu ya hatari ya mwanasayansi Hakanson, ya 1980. Gawa kipimo kwa kiwango cha asili (metali iliyokuwamo kabla ya uchafuzi), uzidishe kwa namba ya sumu: kadimi 30, aseniki 10, shaba na risasi 5, zinki 1. Chini ya 40 hatari ni ndogo. Kuvuka 320 ni kubwa mno. Kobalti hakuiwekea namba, kwa hiyo hapa kwetu iripotiwe peke yake.

Wengi huharibu kazi kwenye kiwango cha asili. Tuseme umepata shaba miligramu 900 kwa kilo. Ukigawa kwa 45, wastani wa miamba ya tope duniani, kisha ukazidisha kwa 5, unapata hatari ya 100. Lakini ardhi ya Katanga ina shaba tangu asili. Kiwango cha hapa kikiwa 180, hatari ni 25 tu. Kipate kwa kuzamisha bomba la plastiki hadi tope la kina, la kabla ya 1911, tanuri la shaba lilipowashwa; tope la juu la kituo cha kwanza halitoshi, maana moshi wa tanuri umenyesha vumbi hata mahali ambapo maji ya kiwanda hayafiki. Tope hilo nalo liyeyushwe kwa asidi zilezile.

Na hiyo 25 isikulaze usingizi: wadudu wa tope huwa mashakani shaba ikipita miligramu 149 kwa kilo. Andika namba zote mbili: hatari uliyokokotoa, na miligramu zenyewe ukizilinganisha na 149.