Skrini Iliyokwama kwenye 1024x768: Iulize Kompyuta Kabla ya Kuilaumu Draiva

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za mezani zilizotumika, ambazo hapa Nakuru tunaziita ex-UK, zimehamishiwa Linux, mfumo endeshi wa bure, kwa kuwa mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11, ilhali kwa kuandika barua na kuchapisha fomu bado ina nguvu za kutosha. Mashine hizo zinapowashwa kwa mara ya kwanza zikiwa na Linux Mint au Ubuntu, lalamiko ninaloletewa mara nyingi ni moja: herufi zimenenepa, duara limekuwa yai, kitufe cha kuhifadhi kimezama chini ya ukingo wa skrini, na orodha ya rezolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, inaishia kwenye 1024x768. Mwenye mashine huwa amekwisha kuamua kwamba draiva, programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi ya picha, haipo, na pengine amekwisha kumaliza bando akiitafuta.

Mara nyingi draiva ipo. Ili picha ifike kwenye kioo ikiwa na kipimo chake sahihi, mambo manne hufuatana: monita hujitambulisha kwa kutuma maelezo mafupi yanayoitwa EDID, ambayo kwa kawaida huanza na baiti 128, waya huyafikisha maelezo hayo kwenye kompyuta, keneli, kiini cha mfumo endeshi, huyasoma kupitia draiva ya kadi ya picha, kisha mfumo wa madirisha, ama X ama Wayland, huchagua rezolusheni kutokana na kile ulichoambiwa. Mnyororo ukikatika popote, dalili juu ya kioo ni ileile. Kwa hiyo somo hili linahusu kutafuta mahali ulipokatika, na ninawasihi msisakinishe draiva yoyote kabla ya kufika hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: tambueni kadi na draiva inayoitumikia

Fungueni terminali, dirisha la kuandikia amri, na muandike:

`lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D"`

Kwenye mashine ya Intel ya kizazi cha nne mtaona jina refu la kadi, na chini yake mstari unaosema `Kernel driver in use: i915`. Mstari huo ukiwepo, draiva inafanya kazi na hamna haja ya kutafuta nyingine, kwa sababu draiva za Intel na za AMD huja ndani ya keneli yenyewe. Hakuna tovuti ya kuzipakua wala faili ya kubofya. Mkiona `nouveau`, mna kadi ya NVIDIA inayoendeshwa na draiva huria. Mkiona `Kernel modules: i915` peke yake, bila ule mstari wa `in use`, basi draiva ipo lakini imezuiwa isishike kadi, na jambo hilo lina hatua yake hapa chini.

Ongezeni amri ya pili, baada ya kusakinisha kifurushi kidogo kiitwacho `mesa-utils`:

`glxinfo -B | grep renderer`

Jibu likitaja jina la kadi yenu, mko salama. Likitaja `llvmpipe`, maana yake ni kwamba prosesa ndiyo inayochora kila kitu, kazi isiyokuwa yake, na ndiyo sababu video hukatakata na feni huvuma hata mkifungua ukurasa mmoja tu.

Hatua ya pili: chunguzeni waya

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipopoteza siku mbili za maisha yangu. Niliwahi kuletewa kompyuta ya saibaa iliyokataa kuvuka 1024x768 kwenye monita ya 1600x900. Nilisakinisha Mint upya mara mbili, nikabadilisha keneli, nikasoma kumbukumbu za mfumo mpaka macho yakaniuma. Siku ya tatu mteja mwingine aliacha monita yake mezani pamoja na waya wake, nikauchukua waya huo bila kufikiri, na picha ikajitanua yenyewe kabla sijaketi.

Plagi ya VGA ina nafasi za pini 15. Pini ya 12 na ya 15 ndizo zinazobeba maelezo ya monita. Rangi hupita kwenye pini nyingine kabisa. Waya wa bei ya chini ambao haukuwekewa pini hizo, au ambao pini yake imepinda kwa kuchomekwa kwa nguvu, utaonyesha picha nzuri yenye rangi zote, lakini kompyuta haitajua inazungumza na monita gani, nayo itachagua rezolusheni ndogo isiyoweza kudhuru. Ichomoeni plagi mwiitazame chini ya mwanga, mkikumbuka kwamba kukosekana kwa pini ya 9 peke yake ni jambo la kawaida. Kisha muulize keneli ilipokea baiti ngapi:

`cat /sys/class/drm/card*-VGA-1/edid | wc -c`

Jibu la 128 au 256 ni jema. Jibu la 0, wakati monita imewaka na imechomekwa, linamaanisha kwamba maelezo hayakufika, na dawa yake ya kwanza ni waya mwingine. Adapta za kugeuza DisplayPort au HDMI kuwa VGA nazo zina tabia hiyohiyo, kwa hiyo zijaribuni kwa kuzibadilisha moja baada ya nyingine kabla ya kugusa programu.

Hatua ya tatu: tafuteni neno nomodeset

Watu wengi waliokutana na skrini nyeusi wakati wa kusakinisha hushauriwa kuongeza neno `nomodeset` ili mashine iwake. Ushauri huo ni sahihi kwa dakika kumi. Kosa ni kuliacha pale daima, kwa kuwa neno hilo huikataza keneli kuitumia draiva halisi ya picha. Angalieni:

`cat /proc/cmdline`

Likionekana, fungueni `/etc/default/grub` kwa kihariri mnachokizoea, mkitanguliza `sudo`, neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi, mlifute katika mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, mhifadhi, kisha mwendeshe `sudo update-grub` na kuwasha upya. Skrini ikirudi kuwa nyeusi, msiogope: shikilieni Shift au mguse Esc wakati wa kuwasha ili GRUB, menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, itokee, bonyezeni herufi `e`, mliongeze neno hilo mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, na mbonyeze F10. Badiliko hilo ni la safari hiyo moja tu.

Hatua ya nne: kwa wenye NVIDIA pekee

Kwenye Ubuntu, amri hii itawapa orodha ya draiva zinazofaa kadi yenu na ile inayopendekezwa:

`ubuntu-drivers devices`

Mkikubali pendekezo, andikeni `sudo ubuntu-drivers install`. Kwenye Mint, kazi hiyohiyo hufanywa na programu ya kusimamia draiva iliyomo katika menyu. Msipakue faili ya `.run` kutoka tovuti ya NVIDIA: itafanya kazi leo, kisha keneli itakaposasishwa mtaamka na skrini nyeusi, kwa sababu mfumo wa vifurushi hauijui.

Kama Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi inayotambuliwa wakati wa kuwasha, imewashwa, programu ya kusakinisha inaweza kuwaomba mtunge nenosiri. Mtakapowasha upya itatokea skrini ya buluu. Chagueni `Enroll MOK`, yaani kusajili ufunguo wa draiva hiyo, na mliandike nenosiri lilelile. Anayeipita skrini hiyo kwa kubonyeza Enter haraka atakuta keneli imeikataa draiva mpya, huku ile ya `nouveau` nayo ikiwa imezimwa, akabaki na picha duni kuliko aliyoanza nayo.

Hatua ya tano: kuilazimisha rezolusheni

Hii ni kwa yule ambaye waya mwingine haupatikani, au ambaye monita yake ni ya zamani hata haijitambulishi. Kwanza mjue mko kwenye mfumo upi:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Jibu likiwa `x11`, endesheni `xrandr` peke yake ili mwone jina la mlango, kwa mfano `VGA-1`, na mlinakili kama lilivyo, maana `VGA1` na `VGA-1` si kitu kimoja. Kisha muombe hesabu ya mawimbi:

`cvt 1600 900`

Nakilini kila kilichofuata neno `Modeline`:

`xrandr --newmode "1600x900_60.00" 118.25 1600 1696 1856 2112 900 903 908 934 -hsync +vsync`
`xrandr --addmode VGA-1 1600x900_60.00`
`xrandr --output VGA-1 --mode 1600x900_60.00`

Picha ikikaa sawa, andikeni mistari hiyo mitatu katika faili ya `.xprofile` iliyomo kwenye folda yenu ya nyumbani, la sivyo itapotea mkiwasha upya. Wenye monita ya 1366x768 wasishangae `cvt` ikiwapa 1368, kwa kuwa hesabu yake hutaka upana unaogawanyika kwa 8.

Jibu likiwa `wayland`, amri ya `xrandr` haitaweza kuongeza rezolusheni mpya. Badala yake ongezeni `video=VGA-1:1600x900@60` katika mstari uleule wa GRUB tuliougusa katika hatua ya tatu, na msisahau `sudo update-grub`.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kondele, Kisumu:* Habari Mwalimu. Nimeunganisha kompyuta na televisheni kwa HDMI ili wateja wangu watazame mpira. Rezolusheni inasema 1920x1080, lakini kingo zote nne zimekatwa na siuoni upau wa chini. Je, ni draiva?

*Jibu:* Ndugu yangu, kompyuta haina kosa. Televisheni nyingi huikuza picha kidogo na kukata kingo, desturi iliyobaki tangu enzi za matangazo ya analogi. Chukua rimoti, uingie kwenye mipangilio ya picha au ya uwiano wake, na utafute chaguo linaloitwa Just Scan, Screen Fit au jina linalokaribiana, kwa kuwa kila kampuni ina jina lake. Ukilikosa kabisa, na kadi yako ikawa ya AMD, jaribu `xrandr --output HDMI-1 --set underscan on`, ukiandika jina la mlango wako.

*Kutoka Kakamega:* Mimi ninatunza maabara ya kompyuta shuleni. Mashine sita zina kadi ya GT 710 na mbili zina GeForce 210. Draiva moja inaweza kuzihudumia zote?

*Jibu:* Haiwezi, Mwalimu mwenzangu. GT 710 nyingi huhudumiwa na draiva za familia ya 470, na `ubuntu-drivers devices` itakuthibitishia hilo kwa kila mashine. GeForce 210 ilikuwa ya familia ya 340, ambayo toleo lake la mwisho lilitoka Desemba 2019 na haipatani na keneli za sasa bila kutiwa viraka. Hizo mbili ziache na `nouveau`. Kwa kuandika, kuvinjari na kufundishia programu za mahesabu, wanafunzi hawataona tofauti. Nisingepoteza likizo yangu kupigana na 340.

*Kutoka Nakuru, mtaa wa Section 58:* Stima ilipotea katikati ya sasisho. Sasa mashine inawaka hadi nembo, kisha giza. Kadi ni NVIDIA.

*Jibu:* Yaelekea keneli mpya iliwekwa lakini draiva haikumaliza kujengwa kwa ajili yake. Washa, uifikie GRUB, ingia katika Advanced options na uchague keneli ya zamani. Ikiwaka, au hata ikikataa na ukalazimika kubonyeza Ctrl+Alt+F3 ili upate terminali tupu, ingia kwa jina lako na uandike amri hizi kwa mfuatano:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Ya kwanza humalizia vifurushi vilivyoachwa njiani, ya pili huvuta vilivyopungua. Baada ya hapo `dkms status`, amri inayoonyesha draiva zilizojengwa kwa kila keneli, ikuonyeshe neno `installed` kando ya nvidia kwa keneli mpya. Ukiliona, washa upya. Mstari huo usipoonekana kabisa, huenda draiva yako ni ya aina inayokuja ikiwa imejengwa tayari, na kuwasha upya kutakupa jibu. Tena, mama wa duka jirani na wewe atakuuzia UPS ndogo iliyotumika, betri ya kuishikilia mashine stima ikipotea, kwa bei nafuu kuliko saa zako za kazi.

*Kutoka Bungoma:* Sina intaneti ila ya simu. Draiva itanilia bando kiasi gani?

*Jibu:* Kwa Intel na AMD, hakuna, kama nilivyoeleza katika hatua ya kwanza. Kwa NVIDIA jiandae kwa mamia ya megabaiti. Unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huitambua mara moja kama mtandao wa waya. Ukisakinisha draiva iliyopendekezwa kwa `sudo apt install` badala ya `ubuntu-drivers install`, `apt` hukuonyesha ukubwa wa mzigo na kukuuliza kabla ya kuanza. Usome mstari huo, na ukiona unazidi bando lako, jibu `n`.

*Kutoka Kondele, tena:* Nimepata. Kwenye televisheni yangu ilikuwa imefichwa ndani ya "Picture Size". Upau umeonekana wote.