Kabla Hujanunua Shangingi Lililotumika, Ingia Uvunguni

Bei ikishuka kidogo, kila mtu hujiona anaweza kumiliki Land Cruiser VX, Lexus au Range Rover. Ngozi ya viti inang'aa, kiyoyozi kinapuliza, dalali anaapa gari haina tatizo. Achana na viti. Chukua tochi, nyundo ndogo, sumaku, futi kamba, kipande cha waya na mkeka wa kulalia. Nenda asubuhi, na mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Injini ikishapata moto, moshi na kelele za mwanzo huvikuti tena.

Washa swichi bila kupiga stata: taa zote za dashibodi ziwake, halafu ukishawasha injini zizime. Taa ya injini au ya AHC (mfumo wa Toyota na Lexus wa kupandisha na kushusha gari kwa mafuta) isiyowaka kabisa, huenda kuna mtu kaizima kwa makusudi. Gari iliyotoka Dubai, tazama waipa. Zikifagia kwa mpango wa usukani wa kushoto, ujue usukani ulihamishwa.

Sasa uvunguni, na usione haya kuchafuka. Visiwani chumvi inaua gari hizi kabla ya kilomita. Chasi ya Land Cruiser au Discovery 3 ina uwazi ndani. Gari inayoshushwa pwani Nungwi au Paje kuvuta boti huingiza maji ya bahari na mchanga kupitia matundu ya chasi. Mchanga huziba njia za kutokea maji, unyevu unabaki, na chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Siku ya kuuzwa, gari huoshwa kwa pampu na kupigwa rangi nyeusi ya lami, na mnunuzi anaisifu chini kusafi. Miezi haipiti mingi mlango wa nyuma unagoma kufunga, gari inavuta upande mmoja, fundi anapiga jeki na jeki inazama ndani ya chasi. Hapo kuchomelea bati juu ni kutupa pesa: moto unaunguza rangi ya ndani na kutu inaendelea pembeni ya weldi.

Kwa hiyo rangi nyeusi mpya kwenye gari ya miaka 20 ikufanye ugonge zaidi. Gonga kila shubiri: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Kazania pale chasi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, vikalio vya springi na maungio ya bodi. Ingiza waya kwenye matundu uvute. Magamba ya kutu yakimwagika, ondoka. Mabomba ya breki yakiwa yamevimba kutu, gari isiingie barabarani mpaka yabadilishwe. Namba ya chasi ya Land Cruiser imegongwa ubavuni mwa chasi, karibu na tairi la mbele la kulia. Ikiliwa na kutu, kuhamisha umiliki kunakuwa kesi.

Range Rover ya 2002 hadi 2012 haina chasi ya kujitegemea, na boneti na milango yake ni alumini. Sumaku isiponata usimtuhumu mtu kuziba mabonde kwa puti. Huko tafuta mapovu ya rangi kwenye kingo za milango.

Ndani, inua zulia na vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mstari wa tope mkandani maana yake maji yaliingia.

Suspensheni ndiyo inayofilisi watu. Discovery nyingi na Range Rover husimama juu ya mipira ya hewa: pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari ilale, upime tena asubuhi. Kona iliyoshuka inavuja, na kompresa inayofidia uvujaji kila saa haichukui muda kuungua. Lexus LX470 na Land Cruiser 100 zenye AHC zina kipimo chao. Injini ikiwa inaunguruma mahali tambarare, bonyeza H, gari ipande, soma kimo cha mafuta kwenye tangi lenye mistari chini ya boneti. Bonyeza L, soma tena. Mito ya gesi inayolainisha mwendo, ikiwa mipya, huleta tofauti ya mistari kama 14. Ikiwa 7 au pungufu, imekwisha, na gari itakutikisa kama gari ya ng'ombe. Wengi hung'oa mfumo wote na kuweka springi za kawaida. Si dhambi, maadamu na bei imeshuka.

Land Cruiser 100 ya petroli ya 4.7 ina mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kwa kufuata kilomita. Tafuta kibandiko cha Kijapani kwenye injini kinachoonyesha ulibadilishwa kwa kilomita ngapi. Hakuna kibandiko? Uhesabu haujabadilishwa. Discovery ya dizeli ya 2.7 ina mkanda wa pili nyuma, wa pampu ya dizeli, na mafundi wengi huuruka. Injini hiyo inajulikana pia kwa kuvunja krenki. Binafsi naikwepa.

Kwa Pemba, jaribu giaboksi kwenye vipando vya Mkoani kwenda Chake. Kwa Unguja, kaa kwenye foleni ya Darajani kiyoyozi kikiwa wazi, macho kwenye mshale wa joto. Gia ya L (gia nzito ya 4x4, si ile swichi ya kimo) ijaribiwe mchangani, sio kwenye lami.

Mengine unayajua: kadi halisi, jina la anayeuza, tarehe ya tairi, funguo ya pili. Ukifikiria kuivusha Bara, waulize forodha gharama kabla ya kulipa, maana namba ya Z, yaani ya Zanzibar, ina hesabu zake huko. Na pesa usizikabidhi usiku, wala kwa dalali peke yake.