SOMO: Hatua za kuwa muuguzi mtafiti na mwalimu wa huduma za wazee

Wadau, salaam. Swali la "nifanyeje niwe mhadhiri na mtafiti wa uuguzi wa wazee" nimelijibu mara nyingi mno, tena kwa vipande vipande. Leo naliandika lote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Masharti ya leseni na majina ya vyeo hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo nabaki kwenye yale yasiyobadilika.

Hatua ya 1. Soma uuguzi, faulu, pata leseni. Ulianza na stashahada? Jiendeleze hadi shahada ya kwanza.

Hatua ya 2. Fanya kazi wodini miaka miwili mitatu kabla ya kukimbilia uzamili. Zamu za usiku usizikwepe. Mzee aliyezungumza nawe vizuri asubuhi anaweza kung'oa dripu saa nne usiku akidai yuko kwake na wewe ni mgeni. Usipowahi kukaa naye kitandani saa hiyo, utayaandika mambo haya kama mtu aliyesimuliwa.

Hatua ya 3. Jifunze vipimo vya kazi hii mpaka vikae mkononi. Kipimo cha Katz cha 1963 kinaangalia kama mzee anajiogesha, anajivika, anakwenda msalani, anatoka kitandani hadi kitini, anazuia haja na anajilisha. Kipimo cha Barthel cha 1965 kinakwenda karibu na hapo kwa alama nyingi zaidi. Kwa hatari ya vidonda vya mgandamizo (vinavyotokana na kulala upande mmoja muda mrefu) kuna kipimo cha Norton cha 1962 na cha Braden cha 1987. Kwa kuchanganyikiwa kwa ghafla kuna kipimo cha CAM (Confusion Assessment Method) cha 1990: hali iwe imeanza ghafla na inapanda na kushuka, mgonjwa ashindwe kutuliza umakini, halafu ama mawazo yake yawe hayashikani, ama awe na usingizi au msisimko usio wa kawaida. Mawili ya kwanza ni lazima, na moja kati ya mengine. Ongeza mambo sita aliyoyakusanya muuguzi Terry Fulmer: usingizi, ulaji, kuzuia haja, kuchanganyikiwa, kuanguka na ngozi. Ukiyapitia hayo sita kwa kila mzee kila zamu, machache sana yatakupita.

Hatua ya 4. Uzamili. Kabla ya kujaza fomu, soma mtaala: je, kuna tasnifu ya utafiti? Kama haina, mlango wa uzamivu utakuwa mgumu.

Hatua ya 5. Tafuta swali, na ulitafute wodini. Doreen Norton alikuwa muuguzi aliyekataa kukubali kwamba vidonda vya mgandamizo ni sehemu ya uzee; yeye na wenzake walichunguza wazee waliolazwa nchini Uingereza, na kazi yao ya 1962 ikaonyesha uzito wa kumgeuza mgonjwa kwa ratiba. Lois Evans na Neville Strumpf wa Marekani waliuliza kwa nini wazee wanafungwa kwenye viti na vitanda "kwa usalama wao". Walipojaribu kupunguza kamba hizo kwa mafunzo na ushauri wa muuguzi bingwa, majeraha makubwa ya kuanguka hayakuongezeka. Mary Naylor aliwafuata wazee kutoka hospitali hadi nyumbani, na jaribio lake lililochapishwa 1999 lilionyesha kwamba muuguzi mbobezi akishika safari ile yote, wanaorudishwa kulazwa hupungua. Maswali yote matatu yanamhusu muuguzi na kile anachokifanya kwa mikono yake. Nawaomba sana mpumzishe mada za "ufahamu na mtazamo wa wauguzi kuhusu wazee". Dodoso hizo zimejaa, na hakuna mzee aliyegeuzwa kitandani kwa sababu yake.

Hatua ya 6. Msimamizi. Waulize wanafunzi wake wa zamani anachukua muda gani kurudisha sura moja ya tasnifu. Jibu hilo lina uzito kuliko orodha ya machapisho yake.

Hatua ya 7. Kukusanya takwimu kwa wazee. SOMA POLEPOLE.

Hatua hii ilinisumbua kuliko zote, na ndiyo inayoangusha wengi ninaowasimamia. Watu huandika andiko zuri la utafiti, kamati ya maadili inapitisha, kisha wanaingia wodini na dodoso la kurasa kumi na mbili kana kwamba wanahoji vijana wa chuo.

Anza na masikio na macho. Kabla ya swali la kwanza hakikisha kifaa cha kusikia kimevaliwa, kimewashwa na kina betri, na miwani iko usoni na imefutwa. Nimeona mzee akiandikiwa alama za chini za kumbukumbu huku kifaa chake kikiwa kwenye droo ya kabati la kando ya kitanda. Hakuwa amesahau chochote, hakusikia swali. Alama ile ikishaingia kwenye takwimu, hakuna hesabu itakayoisafisha.

Pili, ridhaa. Mtu kuwa na dimenshia (ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) hakumaanishi hawezi kuamua. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa uamuzi ule, saa ile. Eleza kwa ufupi, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake nini kitafanyika na kwamba anaweza kukataa. Kama kweli hawezi, fuata utaratibu wa mwakilishi uliopitishwa na kamati yako, na hata hapo mzee akigeuza uso au akisukuma mkono wako, acha. Hilo ni jibu. Ridhaa ya mwanawe haifuti kukataa kwake. Na uombe upya kila unaporudi.

Tatu, ndugu. Wanakuja kwa upendo, lakini wanajibu kwa niaba yake. Mwambie ndugu mapema kwamba yeye utamhoji baadaye, kisha umhoji kweli.

Nne, usiwaondoe wagumu. Ukiwaacha nje wenye dimenshia, wasiosikia na wasioweza kukaa, utabaki na wazee wenye nafuu, na matokeo yako hayatawahusu walioijaza wodi. Tano, hesabu sampuli ukijua kwamba wengine watahamishwa, watazidiwa au watafariki kabla ya kipimo cha pili. Hili liandikwe kwenye andiko tangu mwanzo, siyo kwenye sura ya mapungufu.

Hatua ya 8. Uzamivu. Kuna wa utafiti na kuna wa vitendo. Unayetaka kuongoza tafiti, chukua wa utafiti.

Hatua ya 9. Chapisha. Yapo majarida ya fani hii hasa, kama *Journal of Gerontological Nursing* na *Geriatric Nursing*. Jarida linalokuandikia barua pepe kukusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache likimbie. Mpangilio wa majina ya waandishi mkubaliane kabla ya kuandika, tena kwa maandishi.

Hatua ya 10. Ukishapata kiti cha mhadhiri, usiiache wodi. Hata siku moja kwa wiki. Wanafunzi wanatambua haraka sana mwalimu ambaye mara ya mwisho kumlisha mzee ilikuwa zamani.

---

MASWALI

Mdau Mpya: Mwalimu, hiyo hatua ya 2 naweza kuiruka? Nina GPA kubwa.

Mwandishi: Hapana. Sababu iko kwenye hatua yenyewe.

Mdau Mpya: Ila kuna watu wameenda moja kwa moja na ni madokta sasa hivi.

Mwandishi: Wapo, sikatai. Wengi wao wanaajiri wauguzi wa wodini wawaeleze takwimu zao zinamaanisha nini. Mimi nimeandika njia ninayoweza kuisimamia mbele ya mwanafunzi wangu. Ukichagua nyingine, ni haki yako.

Haraka Haraka: Naomba unitumie andiko lako la utafiti niangalizie, deadline ni Ijumaa.

Mwandishi: Situmi. Andika swali lako kwa sentensi moja hapa, nitakusaidia kulinoa.

Zamu ya Usiku: Shikamoo Mwalimu. Nina jambo linanisumbua. Tulikuwa na bibi, joto 37.3, hana kikohozi, ila aliacha kula na akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Kwa nini hakupata homa?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri sana, na nitalijibu kwa kirefu. Kwa mzee mwitikio wa kinga hupoa, na joto lake la kawaida mara nyingi liko chini kuliko la kijana. Ukisubiri 38 utachelewa. Ndiyo maana kwa wazee wanaoishi kwenye makao ya huduma, miongozo huangalia pia kupanda kwa nyuzi 1.1 kutoka joto la kawaida la mtu mwenyewe. Kama bibi yule kawaida ni 36.1, basi 37.3 yake ilikuwa homa. Mara nyingi dalili ya kwanza inakuwa kuchanganyikiwa, kuanguka, kuacha kula au kushindwa kuzuia mkojo ghafla, na pumzi kwenda mbio kabla ya kikohozi. Kwa hiyo hesabu pumzi dakika nzima.

Sasa angalia umeshika nini mkononi: je, joto la kawaida la kila mzee linaandikwa wakati wa kulazwa wodini kwenu? Kama haliandikwi, muuguzi wa usiku atalinganisha na nini? Hapo kuna tasnifu ya uzamili. Niandikie faragha, nitaisoma rasimu yako.

Zamu ya Usiku: Haliandikwi. Asante sana, naanza kuandika leo.

Kitabu Wazi: Na maumivu je? Mgonjwa hawezi kusema, tunajaza sifuri kila siku kwenye chati.

Mwandishi: Acheni kujaza sifuri. Asiyesema hajasema hana maumivu. Tumieni kipimo cha kutazama, kwa mfano PAINAD: pumzi, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anatulizika. Mtazameni anapogeuzwa au kuvalishwa, maana akiwa ametulia mengi hayaonekani.

Binti wa Pwani: Mimi wenzangu wananiambia wodi ya wazee ni ya walioshindwa wodi nyingine. Nimeanza kukata tamaa.

Mwandishi: Usikate, mdogo wangu. Mgonjwa mmoja mwenye magonjwa manne, dawa kumi na moja, hasikii vizuri na jana ameanguka: huyo ndiye mtihani mgumu kuliko wote katika uuguzi. Kujua dawa ipi ndiyo iliyomwangusha ni ubingwa. Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kwa ajili ya uzee wenye afya, na Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wa miaka 60 na zaidi watafika bilioni 2.1 mwaka 2050. Walimu wa kuwafundisha watakaowahudumia hawatoshi. Tunakuhitaji huku.

Mzee wa Dodoso: Naongezea kwenye hatua ya 7. Fomu zangu huchapwa kwa herufi kubwa, wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa. Na nakaa mimi upande wenye mwanga ili mdomo wangu uonekane.

Mwandishi: Naam, asante. Nami naongeza: asiyesikia kwa uzee msimpigie kelele. Zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba, na ukipaza sauti inazidi kuwa nyembamba. Shusha sauti iwe nzito, punguza mwendo, zima redio.

Kitabu Wazi: Halafu wadau, kagueni nta ya masikio kwanza. Wodini kwetu baba mmoja aliandikwa "haelewi maelekezo". Tulipomsafisha masikio akauliza mbona siku zote tulikuwa tunanong'ona.

Haraka Haraka: Mwalimu, sentensi yangu hii: "Ufahamu na mtazamo wa wauguzi kuhusu wazee."

Mwandishi: Rudi hatua ya 5. Kisha nenda wodini zamu moja, andika jambo moja lililokuudhi kuona mzee akifanyiwa, uje nalo hapa. Ijumaa iombee nyongeza.